Bampa Ndani ya Basi la Worcester

Glenys alikuwa akienda mjini Worcester kumwambia mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue gari la marehemu mumewe, Desmond. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanamume mwenye kipara alikuwa amepakata bampa lenye kutu kama mtoto mgonjwa.

"La nini hilo, mzee?" akauliza abiria wa pembeni yake.

"La gari langu lenye paa la kukunja. Nililipata kwa bei ya kutupa! Kiangazi kijacho, mvua ikituhurumia, tunapeperusha nywele."

"Nywele zipi, bwana?"

Glenys alikijua hicho kiangazi kijacho. Alikisubiri mpaka Desmond akazikwa.

"Na linatembea?"

"Bado. Nilikata sakafu iliyooza bila kuweka mihimili ya kulishikilia, likajikunja katikati. Sasa milango haifungi."

Glenys akauma mdomo. Desmond naye alilikunja lake vivyo hivyo, kisha akailaumu milango.

"Ndugu yangu, huna gari wewe. Una pango la kujificha mkeo asikuone."

"Nijifiche? Yeye ndiye anayenishikia taa!"

"Basi mmepotea wawili."

"Wewe hujaoa."

"Nimeoa mara mbili, na mara zote nilikwenda harusini na gari linalotembea!"

Basi likasimama. Mwenye bampa akainuka kushuka, bampa likakwama mlangoni. Dereva akaguna. Glenys akaondoka kitini, akashika ncha ya pili kama alivyozoea kumshikia Desmond.

"Inua upande wako kwanza," akasema. "Haya, taratibu."

Wakateremka pamoja. Worcester kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kulikuwa bado mbali, na basi likaenda bila Glenys.