Kidole Kimoja cha Bi Lorna

Ndugu Mwenyekiti wa Ligi, Mheshimiwa Meya, viongozi wa vilabu vyote sita, waamuzi wetu mliokaa karibu na mlango kama kawaida yenu, mabibi na mabwana:

Nimepewa dakika tano za kumuaga Bi Lorna Trewhella, mwamuzi wa goli wa ligi yetu ya kandanda ya Kiaustralia, aliyesimama kati ya milingoti yetu na bendera zake mbili kwa miaka thelathini na mmoja, katika mvua za Julai na matusi ya fainali za Septemba. Wengine mnajiuliza kwa nini nimechaguliwa mimi, Darcy Pfitzner. Sikuchaguliwa. Niliomba.

Nani humu ndani amesahau fainali ya miaka kumi na minne iliyopita? Timu yetu ya mji huu iko nyuma kwa pointi tatu, king'ora cha kumaliza mchezo kimeshalia, na mpira uko mikononi mwangu, nahodha, nikisubiriwa nipige mara ya mwisho. Nikapiga. Mpira ukapita katikati, juu ya mikono ya mabeki wao, tukaanza kukumbatiana. Bi Lorna akamwambia mwamuzi wa kati, "Umeguswa." Kisha badala ya kunyoosha vidole viwili vya goli, akanyoosha kimoja, akapunga bendera moja. Sheria tunaijua tangu utotoni: mpira ukiguswa hata na ukucha, si goli la pointi sita tena, ni pointi moja. Tukashindwa kwa pointi mbili.

Mnakumbuka tulivyomfanyia? Marehemu mjomba wangu alimpigia kelele, "Mama, una duka la dawa na macho huoni?" Kesho yake mlango wa duka hilo ulikutwa umetundikwa miwani mibovu. Jina la Kidole Kimoja likamganda. Hata watoto waliozaliwa baadaye humwita hivyo. Mimi nilipokwenda kwake na mafua, alinipa dawa, akasema, "Unywe baada ya kula, Darcy." Basi.

Mwaka jana nikajikaza, nikamuuliza, "Bi Lorna, siku ile ulikuwa na uhakika?"

Aliendelea kupanga chupa zake. "Nilikuwa nao. Na wewe ulikuwa nao."

Ndugu zangu, ni kweli. Mpira ulikuwa ukizunguka vizuri, ukafika kwenye vidole vya yule beki mrefu, ukayumba. Niliuona. Nikanyamaza, mkamcheka mama wa watu kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi mkininunulia bia kwa goli ambalo sikulifunga. Naona aibu hadi leo. Bi Lorna, nisamehe, mbele ya hawa hawa waliokucheka.

Mwenyekiti amelalamika kwamba hakuna anayetaka bendera hizi. Wapo. Tangu Jumanne tuko sita kwenye mafunzo ya waamuzi, wawili ni mabinti wa timu yetu ya wanawake, na mzee kuliko wote ni mimi. Msimu ujao koti jeupe la mwamuzi wa goli kwenye milingoti ya kaskazini nitalivaa mimi, na nikiona mpira umeguswa, nitasema umeguswa, hata kama aliyepiga ni mwanangu.

Samahani kidogo, Bi Lorna ananionyesha kitu. Amenyoosha mikono yote miwili, na vidole ni viwili. Mwenyekiti, hilo ni goli, naomba liandikwe.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Matusi yenu nitayasikiliza Jumamosi ya kwanza ya msimu.