Walimwita Kitinda Mimba Mara Mbili

Bwana asifiwe! Ninyi wa viti vya nyuma sijawasikia, na leo sitaki kusimama hapa peke yangu. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi ni Wangari, kitinda mimba wa marehemu Mama Kariuki. Mlinisindikiza kwa maombi nikienda Uingereza kutunza wazee. Mkaona picha zangu nikicheka kwenye theluji. Picha zile zilikuwa uongo.

Katika nyumba ile ya wazee, mzee mmoja alikataa chai yangu. Alisema hanywi kitu kilichoshikwa na mikono myeusi. Msimamizi hakumkemea. Alinihamishia mimi chumba cha kufulia nguo, ati nisimsumbue mzee. Mwaka mzima nilikunja mashuka peke yangu, na wenzangu wakipita mlangoni waliongea kana kwamba chumba ni kitupu. Nilianza kuificha mikono yangu mfukoni hata nikiwa dukani.

Kisha mama akafa. Karatasi zangu za kuishi kule zilikuwa hazijakamilika, nikitoka, sirudi. Nikabaki. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimeiegemeza kwenye pakiti ya sabuni. Mnajua tunavyoita watu kuweka maua kaburini. Kaka yangu Kariuki akaitwa, akaweka. Kisha nikasikia, "Kitinda mimba!" Kimya. Wifi yangu akainama akaniwekea. Mimi nilikuwa nimeshika shuka la mtu nisiyemjua, nalia, na mashine zinazunguka.

Baada ya hapo niliacha kupika. Niliacha kuoga. Kila asubuhi nilisikitika kwamba nimeamka. Nikaacha kazi, nikarudi Kenya na begi moja, bila kumwambia mtu. Nilifika Kenol, mji ulio njiani kuja kwetu Nyeri, miguu ikakataa kuendelea. Ningewaambia nini watu wa Nyeri? Nikakodisha chumba.

Ndugu zangu, nilikaa Kenol miezi mitano nikiwa "Uingereza"! Kariuki akipiga simu ya video Jumapili, navaa jaketi zito na skafu, Kenol na joto lake lote, natokwa jasho nikimwambia huku kuna baridi. Chekeni, ni sawa. Lakini simu ikikatika nilikuwa nakaa sakafuni na lile jaketi mpaka giza linaingia. Nyumbani ni mwendo mfupi tu, na hakuna aliyejua niliko.

Siku moja nikinunua nyanya sokoni, mama mmoja akanishika bega. Alikuwa Mama Nyambura, yule pale, aliyewaita watu kaburini siku ile; kumbe huja soko la Kenol kila Alhamisi.

"Wewe si ni kasichana ka Mama Kariuki?"

Nikasema, "Hapana. Umenifananisha."

Nilimkana mama yangu mzazi, mchana kweupe! Mama Nyambura akanitazama sana.

"Haya. Hata kama si wewe, umekula?"

Sikuwa nimekula tangu juzi. Akanifuata mpaka chumbani, akapika, hakuuliza kitu. Alhamisi iliyofuata akarudi na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi kama alivyopika mama. Na iliyofuata. Alhamisi ya tatu nikamwambia jina langu, na habari ya yule mzee na chai. Akaruka!

"Ati nini? Hii mikono? Si hii ni ya Mama Kariuki kabisa!"

Akaishika, na hakuiachilia haraka. Nililia siku hiyo mpaka nikachoka.

Ndiye aliyenipeleka hospitali kwa daktari wa akili. Wengine mtasema ni pepo. Nimeombewa, na dawa nakunywa, na bado naenda kuzungumza na mshauri. Namshukuru Mungu kwa hayo yote, na sioni aibu.

Jumamosi iliyopita akina mama walinipeleka nyumbani. Tukasimama kaburini. Mama Nyambura akasafisha koo kama siku ile, akaita kwa nguvu, "Kitinda mimba!"

Nikasema, "Niko." Nikapiga magoti, nikaweka maua kwa mikono yangu.

Ndugu zangu, ukimkuta mtu amejificha, usianze na maswali. Muulize kama amekula. Na wewe uliyejificha, hata kama umekaa katikati yetu asubuhi hii, mtumaini Mungu. Mimi nilikosa kuitika, na Mungu akatuma mtu aniite mara ya pili. Ukisikia umeitwa, itika.