Kifua Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Kamwene, wanajumuiya. Msicheke kabla sijaanza, najua mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye kutoka nyumbani mpaka stendi ya hapa Makambako naaga kama naenda ng'ambo. Mke wangu anasema kochi letu limeshachukua umbo langu.

Sasa mwaka juzi, mimba yake ikiwa ya miezi saba, presha ikampanda, macho yakaanza kuona ukungu. Tukakimbizwa Njombe, akapasuliwa, mtoto akatoka. Wa kike. Ndugu zangu, nawaambia, shambani kwangu nimechimba viazi vikubwa kuliko yule mtoto. Niliogopa hata kumtazama, nikidhani macho yangu yatamchosha.

Siku moja nesi akaniita. "Mama bado hajiwezi, bibi yake huyu ana kikohozi. Baba, vua shati. Mtoto njiti anakaa kifuani, ngozi kwa ngozi. Hilo ndilo joto lake."

Nikatupa jicho pembeni. Mama mkwe yuko kwenye benchi, anafuma kofia. Nyie mnajua mambo ya ukwe: mbele yake hata kula naona aibu, leo nivue shati? Nikatoa busara zangu za kidato cha nne. "Sista, si nimfunge juu ya sweta? Hii ni nzito."

"Baba, sweta haina damu."

Nikang'ang'ana. Akashika miguu ya mtoto, uso ukambadilika. "Ameanza kupoa huyu. Akizidi kupoa tunampoteza."

Hapo mama mkwe, bila kuniangalia, akajigeuza kwenye benchi, akaelekea ukutani. "Mimi nafuma, baba. Na ukuta huu mzuri sana."

Nikavua. Kile kitambi mnachonitania kikapata kazi. Nesi akamlaza mtoto kifuani, akatufunga kitenge, akanionya: "Hawa husahau kupumua. Ukiona kimya, msugue unyayo, umkumbushe." Akaenda kwa watoto wengine.

Nikakaa nimejikaza kama gogo, nasikiliza kile kifua kikipanda na kushuka. Halafu kikaacha.

Nikasubiri. Midomo yake ikaanza kuwa ya zambarau. Maelekezo yote yakanitoka kichwani. Nikaweza neno moja tu: "Mama!"

Akageuka. Wanajumuiya, yule mama alinitazama kifua wazi, kitambi na vyote, kofia ikaanguka huko, akaingiza mkono ndani ya kitenge na kuusugua ule unyayo kwa kidole. "Pumua, mwenzangu. Pumua." Kimya. Akasugua tena, kwa nguvu. Ndipo kikatoka kilio, kama cha paka aliyefungiwa kabatini.

Nesi aliporudi mbio alitukuta tunalia wote watatu.

Nawashukuru wauguzi wale, na ninyi mliotulishia kuku wetu nilipokuwa ng'ambo huko Njombe. Funzo langu ni dogo: heshima ni nzuri, lakini haipashi mtoto joto. Nesi akisema vua, vua.

Mtoto mwenyewe yule pale nyuma, anakimbizana na wenzake. Kofia yake ilikuwa inamfunika mpaka kidevuni, sasa imembana na hataki kuivua. Bibi yake naye yupo, ila naona tangu nianze kusimulia ameelekea ukutani.

Mama, geuka.