Mkono Uliomchora Mnyapara Kipenga

Tarehe 31 Desemba 1959 Mzee Idarusi Shehe anastaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chapa cha Ngamiani miaka ishirini na tisa. Kumi ya mwisho amechora vichekesho vya jarida letu la Mtekenyo. Kiti alichopewa bado ni kipya: huchora amesimama, huenda dirishani, hurudi, hufuta, kisha hutoka bila kuaga. Mkewe, Bi Mwanamkasi, anasema hata futari huila akizunguka ua.

Aliingia mwaka 1930 akiwa mpanga herufi. Mwaka 1950 ukurasa mmoja ulibaki mtupu, akaujaza picha za Mnyapara Kipenga, msimamizi wa shamba la mkonge anayepigia kipenga kila kitu, hata kuku anayetaga. Toleo lile liliisha sokoni kabla ya adhuhuri.

Mwaka 1954 kicheko kilimponza mtu. Mnyapara wa shamba moja upande wa Pongwe alijiona katika picha, akamshuku mkata mkonge aitwaye Manase kuwa ndiye mpeleka habari. Manase akafukuzwa. Idarusi hakuwa amewahi hata kumwona, lakini tangu aliposikia, kalamu ilimgomea. Wiki ile alipanda baiskeli hadi Pongwe mara tatu. Mara ya tatu meneja alimpokea barazani.

"Huyu simjui, wala hanijui," Idarusi alimwambia. "Aliyechora ni mimi. Adhabu yake nipeni mimi."

Meneja alikataa. Basi Idarusi akampakia Manase na kifurushi chake, akamleta kwa mhariri, akaapa kutochora mpaka mtu huyu apate kazi. Toleo moja lilitoka bila picha, na wasomaji wakalalamika. Kabla ya la pili, Manase alikuwa anajifunza mashine ya kuchapia ambayo leo anaisimamia.

Kipenga hakufa. Ila tangu hapo, kabla ya kila picha, Idarusi huuliza: "Kicheko hiki kitamwangukia nani?" Swali hilo lilituchosha. Siku hizi tunaulizana wenyewe.

Mwaka huu mkono umeanza kutetemeka, na mistari inakwenda itakako. Ameomba mwenyewe kupumzika. Hata hivyo, katika wiki moja ya likizo amekuja ofisini mara nne.

Ahsante, mzee wetu. Utulivu hatukuombei, maana hatujui ungeufanyia nini. Tunakuombea afya, macho ya kuona vituko vya watu, na miguu ya kukufikisha vilipo.

Noa Eliudi, chumba cha kupanga herufi