Mstari Ambao Mzee Dena Hakuuchora

Wasikilizaji wapendwa, mlio dukani, mlio jikoni, mlio shambani na redio imetundikwa mtini, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Dena Gona. Mzee Dena Gona, mwandishi wa mabango wa Shella, mjini Malindi. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na saba au karibu na hapo, na akazikwa kwao Kuruwitu. Majina ya maduka mengi mnayoyapita kila siku ni mkono wake.

Kabla hatujaanza, mjane wake, Mama Kadii, alituomba jambo moja.

"Msimpake sukari," alisema. "Mume wangu alikuwa mtu mwema, na alikuwa na wivu. Mkisema la kwanza mkaliacha la pili, mtakuwa mnamsema mtu mwingine."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hatutampaka sukari.

Dena alisoma shule ya misheni miaka michache tu, lakini akatoka na mwandiko mzuri. Mwaka wa 1942 akaingia jeshini, katika Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, akapelekwa Bama, nchi ya Burma, kupigana na Wajapani. Huko ofisa mmoja aliuona mwandiko wake. Kwanza akapewa kazi ya kuandika namba kwenye malori. Baadaye akapewa kazi nyingine. Askari wakifa, Dena aliandika majina yao juu ya misalaba ya mbao, na kwa Waislamu akaandika juu ya vibao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake vitani: kuandika majina ya wafu. Alihesabu mpaka mia mbili, akaacha kuhesabu.

Alirudi nyumbani na cheo cha koplo, na medali moja, na ukimya. Akaoa. Akafungua kibanda chake Shella. Wateja walimjua kama fundi wa rangi tu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Bama, naye hakumwambia mtu.

Sasa tumtaje mtu wa pili. Huyu ni Mzee Nahashon Ochola, na namshukuru Mungu yu hai, tumezungumza naye. Mzee Ochola alitoka Nyanza akaja Malindi mwaka wa 1974, akaajiriwa mlinzi katika hoteli moja ya ufuoni. Anakaa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi. Naye pia alikuwa Keya. Naye pia alifika Bama. Lakini yeye alikuwa dereva wa lori.

Mwaka wa 1983 mgeni mmoja wa hotelini, Mjerumani mtu mzima aliyekuwa askari ujanani, alimpa Mzee Ochola mkufu. Mkufu wenye ile alama mnayoijua, duara lenye mstari katikati na mistari miwili ya kushuka kando. Alama ya amani. Ochola akaivaa juu ya sare yake ya ulinzi. Wageni wakampenda. Wakamwita Mzee Amani. Wakakaa naye getini awasimulie vita, wakampiga picha, na picha moja ikafanywa kadi ya kutuma kwa posta.

Kadi hiyo Dena aliiona dukani, siku alipokuwa akiandika jina la duka hilo hilo. Alifanya kazi saa tatu, na Ochola akimtazama kutoka kwenye kadi iliyobandikwa kiooni, kifua mbele, mkufu unang'aa.

"Jioni zile baba alikuwa akirudi nyumbani na swali moja," anasema binti yake, Sidi. "Hata maji hajanywa. 'Haya, leo Ochola kapigwa picha ngapi?' Nami nitajuaje? Mama akimwambia, 'Mume wangu, kwani picha inakupunguzia nini?' Alikuwa akisugua vidole vyake kwa mafuta ya taa mpaka rangi yote imetoka, na bado anasugua."

Ndivyo wivu ulivyo. Dena aliona kwamba yule wa lori amekaa mahali pake. Dereva, aliyekaa kwenye kiti! Hata alama yenyewe ilimchoma. Kila alipoitazama aliona msalaba uliovunjwa mikono, ukafungiwa ndani ya duara. Na vijana wa Ulaya waliipita Shella wameivaa masikioni, kwenye mifuko, kwenye ndala.

"Wamepewa amani kama peremende," alimwambia Sidi. "Na anayewagawia ni Ochola."

Ikafika 1986, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa amani. Pale Kisumu Ndogo walikuwa wamejenga ukumbi wa mikutano. Mwenyekiti wa kamati, Mama Jedida, akataka ukuta wa mbele uchorwe alama ya amani, kubwa, ionekane kutoka barabarani. Akaenda Shella.

"Shikamoo, Mzee Dena."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunakuomba mkono wako. Na mgeni wa heshima tumeshampata. Mzee Ochola atafunua ukuta. Sampuli ataileta yeye, ule mkufu wake."

Dena akauliza swali moja tu. "Mnajua kwamba hata mimi nilikwenda Bama?"

"Aa! Hatukujua, mzee wetu," akasema Mama Jedida. Akatabasamu kwa adabu, kisha akamuuliza rangi zitakuwa tayari lini.

Dena alikubali. Alichora kwa siku mbili, nyuma ya shuka. Alipiga msumari, akafunga kamba, akazungusha duara lisilo na kasoro. Akachora mstari wa juu. Akachora miwili ya kando. Ule mstari wa chini, unaoshuka katikati, hakuuchora. Hakusahau. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, hakusahau. Aliuacha kwa makusudi.

Jumapili watu wakajaa. Wageni wa hotelini wakaja na kamera zao. Mzee Ochola, mkufu kifuani, akavuta shuka. Watu wakakodoa macho. Kisha utingo mmoja akapaza sauti, "Hii si Benzi hii?"

Na kweli. Ondoa mstari ule mmoja, linalobaki ni nembo ya gari la matajiri.

Umati ukavunjika mbavu. "Mzee Amani kanunua gari!" "Tupe lifti, mzee!" Wageni nao wakacheka, wakapiga picha. Ochola alishika mkufu wake, akautazama, akautazama ukuta. Mama Jedida akamgeukia Dena, na Dena akasema, "Nimechora kile nilicholetewa." Katika kicheko kile hakuna aliyeutazama mkufu wenyewe, na lawama yote ikamwangukia aliyeleta sampuli.

Sidi alimuuliza baba yake miezi mingi baadaye, je, ulicheka?

"Nilitaka kucheka," alimjibu. "Kisha nikamwona Ochola. Mwenzangu aliinama akaiokota ile shuka, akaikunja. Pembe kwa pembe, kijeshi. Watu wanamcheka, naye anakunja."

Kesho yake alasiri, Ochola alipiga hodi kwenye kibanda cha Shella. Maneno yaliyosemwa tumeyapata kwa Mzee Ochola mwenyewe, na Mama Kadii aliyekuwa akichambua mchicha hapo nje ameyathibitisha.

"Koplo," akasema Ochola.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita Dena koplo kwa miaka arobaini.

"Nani kakwambia nilikuwa koplo?"

"Umeandika ubao wa kila duka mji huu, na sijaona herufi iliyopotea. Mstari ule hukuusahau. Nimekuja uniambie kwa nini."

Dena akalipuka. "Kwa sababu wewe ulikuwa ukiendesha lori! Mimi nilikuwa na maiti. Wewe unapigwa picha, unawauzia watoto wa watu amani, wewe! Unajua nini kuhusu waliokufa?"

Ochola akakaa juu ya debe la rangi. "Lori lilipeleka risasi," akasema. "Kurudi, unadhani lilirudi tupu? Wale waliokuwa wakilala mbele yako ukiandika majina yao, Koplo, nani alikuwa akikuletea?"

Dena akamgeukia.

"Siku moja nilikuletea ndugu yangu. Owiti. Tumenyonya ziwa moja. Mimi wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Ukaniuliza jina, nikalitaja. Ukaniuliza tena, nikalitaja tena. Ukaandika polepole. Ukaniambia, 'Tazama, ni zuri?' Nikasema ni zuri. Nilipokuja Malindi nilikujua siku ya kwanza. Nilingoja uniamkie. Ulikuwa ukinipita kama mlingoti wa simu."

"Sikukumbuki," Dena akasema. "Wala yeye simkumbuki."

"Najua. Walikuwa wengi. Wangu alikuwa mmoja."

Mama Kadii anasema mumewe alikaa na brashi mkononi mpaka rangi ikaikaukia. Ile brashi ya manyoya, aliyokuwa haruhusu mtu kuigusa.

Jumapili iliyofuata Dena alisimama mbele ya mkutano wa kamati akasema ukweli. Alisema mstari aliuacha yeye. Alisema ni wivu. Alitumia neno hilo hilo, wivu, mbele ya wanawake na vijana. Mama Jedida akamwambia, "Mzee, heshima yako ipo. Lakini ukuta ule hutaugusa tena." Ukapakwa chokaa, na hadi leo ni mweupe.

Je, Ochola alimsamehe? Tulimuuliza. "Siku ile hapana," alisema. "Nilikuwa na hasira. Lakini nilikuwa na maneno mengine ya Bama, na hapa Malindi ni nani mwingine angeyaelewa? Nikarudi Jumamosi. Nikarudi Jumamosi nyingine. Hasira ikawa inachelewa kufika, mwisho ikaacha kuja."

Walikaa hivyo Jumamosi zote za miaka miwili. Walibishana sana. Dena hakuipenda alama ile mpaka mwisho. Ochola alimpa mkufu auvae, akaukataa. Na wivu nao haukuisha, ulihama tu. Alimwambia Sidi kwamba sasa anamwonea Ochola wivu wa huzuni yake. Ochola ana mtu mmoja wa kumlilia, mwenye sura na jina. Yeye ana mia mbili na zaidi, wala hakumbuki hata mmoja.

Mwezi uliopita, mzee akiwa mgonjwa kitandani, Sidi alimuuliza, "Baba, bado unamwonea wivu Mzee Ochola?"

"Bado," akasema. "Lakini sasa akija namwambia."

Mama Kadii, Sidi, na jamaa wote wa Kuruwitu, poleni sana. Mzee Ochola, pole, umebaki peke yako na Jumamosi ndefu. Mungu amlaze Mzee Dena Gona mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, huenda yupo mtu unayempita kila siku, na kila akichekewa na watu wewe roho inakuuma. Huyo usimpite. Mwamkie. Muulize alibeba nini kabla hajafika hapo. Huenda amekungoja miaka kumi na miwili.