Mama Kurokaze, Aliyebeba Watu Mia Mbili Tumboni

Ndugu na majirani wa Dilala, leo Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, tunamlilia Mama Kurokaze, manowari ya Japani, aliyezama miaka thelathini na miwili iliyopita pasipo kufanyiwa kilio. Kosa si letu, hatukuambiwa. Jumatatu Tata Moriyama, fundi wa malori ya mgodi wa Mashamba, hakwenda kazini, alisema amefiwa. Kabla hajamaliza kueleza, jirani yake Mama Godelieve alikwisha kuketi sakafuni kwake akilia kwa sauti. Kusikia marehemu ni meli, alipangusa machozi, akasema: "Kilio ikishaanza haivunjwe. Tata, lete majina ya benye walikufa." Majina, Tata Moriyama hakuyaleta.

Marehemu alizaliwa Maizuru tarehe 3 Machi 1939. Tulibishana kama ni tata ao mama, mpaka Mama Godelieve akakata: "Mwenye kubeba bantu mia mbili mu tumbo ni mama." Yakaisha.

Masomo yalichukua miezi mitatu baharini. Kukimbia alifaulu sana. Kugeuka alikuwa mzito, lakini marehemu hasemwi vibaya.

Kazi yake ilikuwa kusindikiza meli za askari na mchele. Safari moja alikimbiza nyambizi ya adui kutwa nzima, kumbe nyangumi! Hayo Tata Moriyama alitusimulia mwenyewe siku ya tatu ya kilio, akacheka, ndipo akakubali kula bukari, ugali wetu. Marehemu hakuolewa, ingawa mwaka mzima alionekana ubavuni mwa meli moja ya mafuta. Sisi hatukuwepo.

Marehemu hakuugua. Mgonjwa alikuwa mtoto wake, huyu Tata Moriyama. Alichochea moto wa mashine chini kabisa, na baada ya miaka mitatu baharini bado alitapika kila siku. Tarehe 9 Agosti 1944, saa nane mchana, mwenzake Ikeda alimfokea: "Panda juu, unatuchafulia!" Akapanda. Torpido, bomu la nyambizi ya adui, ikaingia chini, na kwa dakika sita Mama Kurokaze akaenda na wote.

Tangu siku hiyo Tata Moriyama anaona haya kwamba kutapika ndiko kulikomwokoa. Jana aliuliza kama mtu wa namna hiyo ana haki ya kukaa kwenye mkeka wa wafiwa. Mama Godelieve akamsogezea mkeka. "Tata, mama akiona mutoto iko mugonjwa, anamutuma inje apate upepo. Mama yako njo mwenye alikutuma." Basi akalia, jamani, akalia mpaka chai ikapoa, kisha akaomba karatasi.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, wa miaka hamsini na mitatu. Sasa atasimama atusomee majina ya ndugu zake mia mbili na kumi na mmoja, akianza na Ikeda. Tata, soma polepole, hakuna mwenye haraka.

Mama Kurokaze, pumzika kwa amani huko chini. Mtoto tuko naye.