Ini la Nondo

Kijiwe chetu hapa Serekunda ni kiti cha lori kilichong'olewa, kimewekwa mbele ya banda la Kemo, fundi tairi. Mimi ndiye mchemsha ataya, chai yetu kali ya kijani, na simruhusu mtu kuondoka kabla ya glasi ya tatu, ndiyo yenye sukari. Siku ile hakuna aliyeitazama birika, tunamsubiri Nondo, mpiga mieleka wetu. Alikwenda kumtolea mkewe damu, wakamwambia ana kirusi cha ini, na asubuhi hiyo ameitwa kupimwa ini lenyewe kama ni gumu au laini.

Akarudi kifua mbele.

— Ishirini na mbili.

Tukalipuka kwa makofi. Redio, mwenzetu asiyekosa habari, akasema binamu yake alipata tano tu, na wote tunamjua yule alivyo mlegevu.

— Kwani wanapimaje? nikauliza.

— Wanakupaka mafuta ya baridi, wanakugonga ubavuni kwa kidude. Mtikisiko unapita kwenye ini. Ukipita mbio, ini gumu. Wangu ulipita kama umefukuzwa na mbwa.

— Tairi hilo, akasema Kemo. Likilegea, halibebi mzigo.

Redio akataka namba itangazwe uwanjani kabla ya pambano, wapinzani wakimbie wenyewe. Mara akasema jeshi litamchukua, maana risasi ikifika kwenye ini kama lile inapinda. Nikamwambia aache ujinga, lakini nilikuwa nacheka, na glasi ya pili niliimimina kwa mbwembwe.

Nyima, mpangaji mpya wa ng'ambo ya barabara, alikuja kuomba kaa la moto. Akasimama akitusikiliza.

— Kaka Nondo, huyo aliyekupima, alipoiona hiyo namba alifurahi?

Nondo akaitazama mikono yake.

— Hapana. Alimwita mwenzake, wakapima tena. Wakaniambia nirudi Jumatatu na mtu wa nyumbani.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba ini halitakiwi kuwa gumu. Nilikuwa nimeshamimina glasi ya tatu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilijisikia vibaya sana kwa yale makofi.

— Mke wangu bado kalazwa, akasema Nondo. Mtu wa nyumbani nitamtoa wapi?

Redio akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

— Hiyo Jumatatu, saa ngapi?